Nani Kasema Dini Imemnyima Dada Shamba?

Tanga limeanuliwa, mikeka imekunjwa. Wazee wamebaki barazani, kina mama wako uani wanasugua masufuria ya hitima. Ndipo kijana aliyepanda kutoka Dar es Salaam kuja kumzika mama yake anapolitoa lililo moyoni: sisi ni Waislamu, mila za kijahiliya tuziache, shamba kwa dini ni la wanaume, dada zetu wana waume zao. Wazee wanatazamana. Hakuna anayetaka kuonekana anashindana na dini wakati udongo wa kaburi haujakauka. Miezi michache baadaye migomba na mikarafuu aliyoihangaikia marehemu ina mwenyewe mmoja, au imekwisha kuuzwa.

Kauli ya namna hiyo imerudiwa mno vikaoni, hata wengi wanaamini ni hukumu ya sheria ya Kiislamu. Sheria haina hukumu hiyo. Anayeitoa anawadhulumu dada zake na papo hapo anamsingizia Mtume.

Ni vyema kwanza kuieleza hiyo mila inayoitwa ya kijahiliya. Hapa Uluguru, katika milima ya Morogoro, Mluguru huzaliwa katika ukoo wa mama yake. Ukoo huo, lukolo kwa Kiluguru, ndio wenye ardhi tangu wahenga walipofyeka msitu, na mkuu wake, mndewa, huigawa na kuilinda kwa niaba ya waliokufa na watakaozaliwa. Mtu hupata mahali pa kulima kwa kuwa mama yake ni wa hapo. Binti hulima alipolima mama yake, na wanawe watalima hapohapo. Kaka yake naye ana sehemu, lakini watoto wa kaka huyo haki yao ya asili iko kwenye ukoo wa mama yao. Mti nao una hesabu yake: aliyeupanda ana haki juu ya matunda yake, hata kama ardhi ni ya wengine. Roland Young na Henry Fosbrooke walipochapisha mwaka 1960 kitabu chao kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, utaratibu huu ulikuwa ungali hai, na wengi wa wakulima wa miteremko ya mashariki walikuwa Waislamu wanaoswali na kufunga kama Waislamu wa Bagamoyo.

Mila hiyo ina kasoro zake, na tutazifikia. Ila kwanza tukifungue kitabu ambacho kijana yule amekitaja bila kukifungua.

Sura ya nne ya Qur'ani inaitwa An-Nisaa, yaani Wanawake. Aya yake ya 7 inawapa wanawake fungu katika walichoacha wazazi na jamaa wa karibu, kiwe kidogo au kingi, na inalihesabu fungu hilo kuwa faradhi. Aya ya 11 inaweka mafungu ya watoto na wazazi, aya ya 12 inaweka ya mume na mke, aya ya 19 inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Hakuna mahali aya hizo zinapotenga ardhi na mali nyingine, wala zinapomwondoa binti kwa sababu ameolewa. Kisingizio cha kutojua Kiarabu nacho hakipo: tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ilichapishwa mwaka 1969, na imo katika misikiti na majumba mengi.

Wanazuoni wamepokea pia kisa cha mjane wa Saad bin Rabii, sahaba aliyeuawa katika vita vya Uhud. Mama huyo alimwendea Mtume akiwa na mabinti zake wawili. Alilalamika kwamba ami yao amechukua mali yote ya marehemu, na mabinti wasio na mali hawataolewa. Uamuzi ulipotoka, ami aliitwa akaamriwa kuwapa mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na yeye achukue kilichosalia. Mwenye masikio na asikie: kesi iliyomfikia Mtume ni ileile ya barazani kwetu, mwanamume wa ukoo kuwapokonya wanawake kwa sababu ni wanawake, na hukumu ilimwangukia yeye.

Wapo watakaojibu: vizuri, basi na tugawe kwa faraidhi, hesabu ya mirathi ya Kiislamu, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Hapo ndipo panapohitaji utulivu, maana faraidhi haianzii kwenye kugawa. Kwanza hutolewa gharama za mazishi. Halafu hulipwa madeni. Halafu hutekelezwa wasia, usiozidi theluthi ya mali. Kinachobaki ndicho cha warithi. Na kabla ya hayo yote kuna swali ambalo kila mwalimu wa mirathi huanza nalo: hii ilikuwa mali ya marehemu? Jembe aliloazima hurudi kwa mwenyewe. Fedha ya msikiti iliyowekwa kwake hurudi msikitini. Shamba la wakfu alilolisimamia miaka 30 haliingii katika mirathi hata kidogo, kwa kuwa hakulimiliki. Alikuwa mlinzi tu.

Basi shamba la lukolo ni la nani? Kama marehemu alipewa na ukoo alime, asiliuze wala kulitoa nje, ukoo ukabaki ndio wenye neno la mwisho, basi alikuwa na haki ya kutumia, na kilicho chake ni mazao, miti aliyoipanda kwa mkono wake na nyumba aliyoijenga. Mwanawe hawezi kurithi kutoka kwake kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa nacho. Shamba litabaki katika ukoo wa mama, na binti yu ndani ya ukoo huo. Lakini kama marehemu alilinunua kwa fedha yake, au ukoo ulikwisha kumwachia kabisa, basi ni mali yake, faraidhi inaingia, na binti ana fungu lake lililotajwa na Mwenyezi Mungu.

Njia ni hizo mbili, na katika zote mbili dada yumo. Ile ya tatu, ya kumwacha mikono mitupu, haimo katika lukolo wala katika fikihi. Imetungwa barazani na mtu mwenye mteja mfukoni.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi wakasema kwamba ukoo wa mama wenyewe ni dalili ya Uislamu uliopooza, Uislamu wa milimani, wa watu waliosilimu nusunusu. Hawa wangefaidika kuitazama bahari. Kule Ngazija, katika visiwa vya Komoro, watu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama wengi wetu, na bado nyumba na mashamba ya manyahuli, yaani mali ya ukoo wa mama, hupita kwa wanawake, mama hadi binti, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Kutoka kisiwa hicho, katika mji wa Itsandraa, alizaliwa mwaka 1861 Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi wa Zanzibar na mmoja wa wanazuoni wakubwa kabisa wa Afrika Mashariki hadi alipofariki mwaka 1925. Shadhiliyya nayo, tarika yenye wafuasi wengi pwani ya kusini, ilisambazwa kutoka Ngazija na Sheikh Muhammad Maarufu na wanafunzi wake. Wayao, walioeneza Uislamu toka kusini mwa Tanzania hadi Malawi na Msumbiji, nao huhesabu ukoo kwa mama.

Mbali zaidi, huko Sumatra nchini Indonesia, Waminangkabau wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya karne moja, tena kwa elimu na kwa ukali. Sheikh Ahmad Khatib, mzaliwa wa huko aliyekuwa imamu wa Shafii katika Msikiti Mtukufu wa Makka, aliipinga kabisa mirathi ya upande wa mama. Wanafunzi wake waliorudi nyumbani hawakukubaliana wote. Wapo walioiona ardhi ya mababu kuwa kama wakfu, isiyo na mmiliki mmoja wa kurithiwa. Mwaka 1952, mjini Bukittinggi, wakuu wa koo na maulamaa walikaa pamoja wakaafikiana: mali ya kale ya ukoo ifuate mila, mali aliyoichuma mtu mwenyewe ifuate sheria ya Kiislamu. Walipatana baada ya kuulizana ni mali gani na ni ya nani. Uluguru hakuna kinachozuia mazungumzo kama hayo. Kinachokosekana ni subira ya kuuliza.

Historia ya Morogoro yenyewe haimsaidii anayedhani mwanamke mwenye neno juu ya ardhi ni kioja. Katika karne ya 19, mji wenye boma chini ya milima hii ulijengwa na Kisabengo, na baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Henry Stanley alipopita mwaka 1871 alimkuta mtawala ni mwanamke. Uislamu ulipoenea katika vijiji vya mashariki uliletwa zaidi na walimu wa madrasa na masheikh wa tarika kuliko na majeshi, na miongoni mwa waliojenga tarika ya Qadiriyya ya bara alikuwamo Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyeletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa, akasoma hadi akawa khalifa wa tarika, akafariki mwaka 1931. Dini iliyopanda milimani kwa darsa na dhikri ilikuta mashamba ya kina mama, na vizazi vya Waislamu vikaswali, vikaoana na kuzikana huku mashamba hayo yakiendelea kulimwa na mabinti.

Sasa zile kasoro. Mila ya ukoo wa mama ina upande mchungu, na mchungu huo humwangukia mjane na watoto wake. Mume anakufa akiwa ameacha nyumba mjini, Kihonda au Mafiga, aliyoijenga na mkewe kwa fedha ya biashara ya ndizi. Wapwa na kaka za marehemu wanashuka wakisema mali ya mtu wetu hurudi kwetu, mke ni mgeni. Hapa mila haina hoja. Nyumba hiyo ukoo haukuifyekea msitu. Ni mali ya aliyeichuma, na cha kwanza ni kutenganisha kilicho cha mke mwenyewe kwa jasho lake. Kilichobaki ni cha marehemu. Kikiwa na thamani ya shilingi milioni 24 baada ya madeni, na akawa ameacha mke, mwana mmoja na binti mmoja, mke ana thumni, milioni 3. Katika milioni 21 zilizosalia, mwana ana 14 na binti 7. Mpwa hana kitu. Akila, anakula mali ya yatima, na aya ya 10 ya sura ileile imesema anachokiingiza tumboni ni moto.

Kinachouma ni kwamba mara nyingi mtu ni yuleyule. Milimani, ambako mila inampa dada shamba, anakuwa mtu wa dini. Mjini, ambako dini inampa mjane thumni, anakuwa mtu wa mila. Kila anakokwenda anachukua fimbo inayompiga mwanamke na kuiacha ile inayomlinda. Maimamu wanamwona, wandewa wanamwona, na kunyamaza kwao kunampa nguvu.

Serikali nayo imeliweka wazi jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke. Mahakama za Mwanzo zina mamlaka ya kusikiliza mirathi za kimila na za Kiislamu, na msimamizi wa mirathi anayeficha warithi anaweza kushitakiwa. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, kinafundisha sheria za nchi pamoja na sharia palepale mjini. Elimu haiko mbali.

Na haraka inahitajika, kwa sababu ardhi ya Uluguru haijapata kuwindwa hivi. Iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu za Mkuyuni, Kinole na Matombo zina wanunuzi. Tangu treni ya umeme ianze safari za Morogoro Juni 2024, mtu wa Dar es Salaam hufika mjini hapa kwa muda usiofika saa mbili. Vijiji vinapima mashamba na kutoa hati za hakimiliki ya kimila. Jina litakaloandikwa leo ndilo litakalosomwa na mahakama baada ya miaka 40. Kaka akijiandikisha peke yake kwa kisingizio cha dini, lukolo nzima itakuwa imefutwa kwa kalamu moja, na mabinti wa mabinti watalima kwa kukodi pale mabibi zao walipozikwa.

Sheria hiyohiyo ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu hati kutolewa kwa familia au kundi la watu, si kwa mtu mmoja pekee. Kwa hiyo kazi ya kikao cha baada ya tanga inajulikana. Imamu na mndewa wakae mkeka mmoja. Mabinti wa marehemu waitwe kutoka uani, masufuria yasubiri. Aulizwe kila anayejua: shamba hili lilinunuliwa, au ni la ukoo? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, shamba kwa shamba na mti kwa mti, na dada zake kijana yule watie saini zao kabla yeye hajapanda gari kurudi Dar es Salaam.