Kitambaa Mdomoni mwa Mtungi



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama ambao mikono yenu ndiyo ya kwanza kushika ndoo alfajiri, wiki hii twaomba tuyatazame maji tuyanywayo. Kipindupindu kinapozuka mahali, kisha kikatulia, kisha kikarudi, huulizana sote: kilikuwa kimejificha wapi miezi yote ile ambayo hakuna aliyeugua?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha mjini London kwamba ugonjwa huu huenezwa na maji yaliyochafuliwa. Mwaka 1884 Robert Koch alikitambua kijidudu chake mjini Calcutta. Wataalamu wengi wakaamini kwamba makao ya kijidudu hicho ni tumbo la binadamu, na kwamba nje ya hapo hakidumu.

Bibi Rita Colwell, mtaalamu wa Marekani, hakuridhika na maelezo hayo. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walikikuta kijidudu hicho katika ghuba ya Chesapeake, mahali ambapo hapakuwa na mlipuko wowote. Maji ya huko ni mchanganyiko wa maji tamu ya mito na chumvi ya bahari, kama yalivyo ya hori zetu. Walibaini pia kwamba hali ya maji ikiwa ngumu, kijidudu hujikunyata kikalala. Kikipandwa maabarani hakioti, nacho ki hai. Hivyo basi, aliyeyapima maji kwa njia ya zamani aliweza kuyapa sifa ya usalama ambayo hayakustahili.

Kinaishije humo? Hujishikiza kwenye viumbe wadogo mno wa jamaa ya kamba na kaa, waitwao kopepodi, ambao jicho huwaona kwa shida. Gamba la kiumbe mmoja tu laweza kubeba vijidudu maelfu. Maji yanapopata joto viumbe hawa huongezeka, na vijidudu huongezeka pamoja nao. Ndiyo maana watafiti waliweza kuhusisha joto la Ghuba ya Bengal, lililopimwa kwa setilaiti, na misimu ya kipindupindu nchini Bangladesh.

Elimu hiyo ilizaa dawa nyepesi. Katika vijiji vya Matlab, Bangladesh, familia nyingi zilikuwa zikichota maji ya mabwawa na mito, na kuni za kuchemshia zilikuwa adimu. Wanawake wa huko tangu hapo walizoea kuchuja vinywaji kwa kitambaa cha sari. Bibi Colwell, Anwar Huq na wenzao wakauchunguza mtindo huo. Sari kuukuu ya pamba ikikunjwa mara nne huacha tundu za sehemu moja ya hamsini ya milimita. Kijidudu kikiwa peke yake hupenya, lakini kiumbe aliyekibeba hukwama. Tena iliyochakaa yashinda mpya, kwani kufuliwa mara nyingi huzilegeza nyuzi zikaziba nafasi.

Jaribio hilo lilihusu vijiji 65 na watu wapatao 133,000, na matokeo yakatangazwa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyochuja kwa sari, kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Hata hivyo, watafiti waliporudi miaka mitano baadaye, ni asilimia 31 tu ya wanawake waliokuwa wangali wakichuja. Mazoea ya nyumbani, wapendwa, huhitaji kukumbushana.

Tusielewe vibaya. Kupungua kwa nusu si kwisha, na leso zetu hazikupimwa katika jaribio lile. Mwenye uwezo wa kuyachemsha maji mpaka yatokote, au kuyatia dawa ya klorini kwa kipimo, asiuache uwezo huo akategemea kitambaa. Lakini maji ya kisima au ya bwawa yachujwe kwanza, kisha yachemshwe au yatiwe dawa. Kitambaa nacho kisuuzwe na kuanikwa juani. Mtungi ufunikwe, kama dini yetu ilivyotufunza kufunika vyombo, na kata isishikwe kwa mkono usionawa. Mtoto au mtu mzima akianza kuharisha maji maji, apewe maji ya chumvichumvi za ORS papo hapo na apelekwe hospitali bila kungoja kupambazuke, kwani ugonjwa huu huweza kuua kwa saa chache.

Kijidudu hiki ni mkaazi wa maji tangu kale, wala hatuwezi kukifukuza baharini wala mitoni. Mlango tunaoweza kuufunga ni ule wa nyumbani kwetu, na ufunguo wake mmeushika nyinyi akina mama. Basi akina baba na vijana nasi tusiwaachie peke yenu mzigo wa kuni na wa ndoo.

Wabillahi tawfiq.