Nani Atalipa Nauli ya Kumrudisha?



Miembe ya Ujiji na Tabora yaonyesha hata leo njia ya misafara ya watumwa iliyoteremka hadi Bagamoyo. Sasa njia hiyo ina reli na mabasi, na binti aliyeahidiwa shule mjini hupanda kwa miguu yake mwenyewe, pasipo mnyororo; ndipo penye hila. Sheria ya mwaka 2008 iliunda mfuko wa kuwasaidia wahanga. Vema, lakini kibuyu kitupu hakikati kiu. Wamisionari wa Kipalapala, karne ya 19, walitoa fedha kuwakomboa watoto. Sisi twachangia harusi mamilioni! Kila parokia itenge fungu: nauli, malazi, cherehani. Na diwani ajaye kuomba kura aulizwe hadharani: halmashauri imetenga shilingi ngapi?