KITI KITUPU HAKIPIGI KURA

Mkufunzi wa Chuo cha Uvuvi Mbegani asipoingia darasani, mkuu wake humtaka maelezo. Mtumishi wa umma akikosa kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa, adhabu inayomkabili ni kufukuzwa. Hilo ni haki, maana mshahara wake ni jasho la wakulima na wavuvi.

Mbunge naye hulipwa kwa jasho hilo hilo. Lakini kwa utoro, Katiba ya mwaka 1977 humvua ubunge pale tu anapokosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Kwa kuwa Bunge kwa kawaida hukutana mara nne kwa mwaka, mtoro mwerevu aweza kuonyesha uso wake Dodoma kwa nadra, kisha akarejea kwenye shughuli zake.

Ugonjwa na msiba ni udhuru wa kweli, wala hakuna mwungwana atakayeubeza. Lakini wapo wanaosingizia kazi za jimbo, kana kwamba jimbo liliwatuma kwingine kuliko Bungeni. Wapo wanaojificha nyuma ya wingi wa chama chao. Na wapo wanaosusia. Tarehe 16 Aprili, 2014, wajumbe wa UKAWA walitoka katika Bunge Maalum la Katiba, wakidai kwamba rasimu ya Tume ya Jaji Warioba inapuuzwa. Hoja yao ilikuwa nzito. Lakini tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa, na "hapana" zao hazikuandikwa popote. Hali wajumbe waliokuwa hija Makka walipewa nafasi ya kupiga kura!

Hatari imo katika hesabu. Akidi ni nusu ya wabunge wote, na maamuzi ya kawaida huhitaji wingi wa waliohudhuria tu. Hivyo, siku ya utoro, robo ya wabunge na ushei yaweza kuamua mambo ya nchi nzima.

Kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa majina, asiyekuwepo hujulikana. Hapana budi orodha ya watoro na sababu zao ibandikwe katika kila ofisi ya kata, kuanzia Bagamoyo hadi Kigoma. Mwenye udhuru wa kweli hana la kuficha. Asiyekuwa nao, wananchi wamtafutie mrithi.