Mikongo Miwili, Njia Moja

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika chini ya bahari, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Dar es Salaam mtandao ukawa wa kusuasua, hata ubalozi wa Marekani ukafunga milango kwa umma siku mbili. Vijiweni watu walilaumu bando.

Tangu hapo, kila mjadala wa intaneti huishia kwenye dishi: tuachane na bahari, tuhamie angani. Naielewa hamu hiyo, ila sikubaliani nayo. Mei ile hatukuangushwa na mkongo kwa sababu ni mkongo. Tulikuwa tukiegemea miwili, tukajiona tuna akiba, kumbe yote imelala upande uleule wa bahari. Wenzetu wa Mombasa nao waliyumba, lakini walikuwa na mkongo wa TEAMS, unaoelekea kaskazini hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, na huo haukuguswa.

Setilaiti za Starlink, zinazoleta intaneti hiyo ya dishi, huzunguka kilomita 550 hivi juu yetu. Zile za zamani zilikaa karibu 36,000, ndiyo maana simu zake zilikuwa na mwangwi wa kuchosha. Hayo ni maendeleo ya kweli. Kwa zahanati ya kisiwani ambako hakuna atakayefukia waya, dishi halina mpinzani. Mjini hali ni nyingine. Wote walio chini ya setilaiti moja hugawana uwezo wake, na Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, ilipofika Novemba 2024 haikuwa ikipokea wateja wapya Nairobi. Nafasi ilikuwa imejaa! Julai 24, 2025, hitilafu ya programu ikaizima karibu dunia nzima kwa takriban saa mbili na nusu. Tena mawimbi hayabaki juu: hushuka kwenye kituo cha ardhini, na kutoka hapo safari huendelea kwa mkongo.

Lililonikera zaidi Mei ile ni dogo. Ofisi mbili za mtaa mmoja zilishindwa kutumiana barua pepe, kwa kuwa barua zao hulala kwenye seva za Ulaya. Hilo halitibiwi na dishi wala mkongo. Seva zikiwa hapa, barua hupita hapahapa. Na kabla hatujashangilia mkongo mwingine, wanaotia saini watuoneshe ramani: unapita wapi?