Jiwe Linapata Jibu kwa Dakika, Mtoto Anangoja Majuma

Tunawaandikia ninyi wa makanisa ya mashariki kutoka Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba.

Mkija kwetu kwa barabara ya Likasi, kabla ya kuingia mjini mtakuta Musompo, mahali ambapo wachimbaji wadogo wanauza madini. Kijana anafika na mifuko yake. Mnunuzi anachukua chombo kinachoshikwa mkononi kama bunduki ndogo, ambacho kila mtu hapa anakiita metoreksi, anakielekeza kwenye jiwe, na mara moja namba inatokea: kobalti kiasi hiki, shaba kiasi hiki. Wachimbaji wanalalamika mara nyingi kwamba namba imepunguzwa, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa. Lakini jibu linatolewa palepale. Hakuna jiwe linaloambiwa lirudi mwezi ujao.

Katika mji huohuo, mama mmoja wa paruasi yetu alimpeleka mtoto wake wa majuma sita kupimwa virusi vya ukimwi. Hatutaji jina lake wala mtaa wake, na yeye mwenyewe ameturuhusu kusema haya. Mtoto alichomwa kisigino, matone ya damu yakawekwa juu ya karatasi na kukaushwa, karatasi ikaanza safari ya kwenda kwenye mashine ya mbali. Mama aliambiwa neno moja: utaitwa. Juma la tatu hakuitwa. Juma la tano alikwenda mwenyewe, akaambiwa bado. Juma la saba mtu aliyekuwa na daftari hakuwepo. Usiku alikuwa anamgusa mtoto paji la uso kila mara, na kila joto dogo alilisoma kama jibu.

Jibu lilifika mwishoni. Hatutasema lilikuwa nini, kwa sababu hilo ni lake. Tunataka kusema juu ya majuma yale, na juu yetu sisi. Maana alikuja kanisani kila Jumapili, na sisi wachungaji tulimwambia avumilie, Mungu anajua. Tuliomba pamoja naye. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akaenda kuuliza: karatasi ya mama huyu iko wapi?

Kwa nini majibu yanakawia

Ni vizuri tuelewe mambo yalivyo, tusije tukawalaumu bure wauguzi ambao nao wanafanya kazi katika hali ngumu.

Mtu mzima anayepimwa virusi vya ukimwi anapata jibu kwa muda wa dakika ishirini hivi. Kwa mtoto mchanga kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu mpaka karibu miezi kumi na minane damu yake inaweza kuwa bado inabeba kinga aliyopewa na mama. Inabidi kutafuta virusi vyenyewe, na hiyo ni kazi ya mashine ambayo haipo katika kila kituo cha afya. Kwa kifua kikuu, mashine ya GeneXpert inatoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini ikiwa daktari anataka kuotesha vijidudu ili ajue ni dawa zipi zitakazofanya kazi, hapo ni majuma mengi. Katika nchi ya wachimbaji jambo hili si dogo: vumbi la mawe linaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika yanashikwa upesi na kifua kikuu.

Juu ya hayo ongeza safari ya sampuli, umeme unaokatika, dawa za maabara zinazokwisha, na pikipiki isiyo na mafuta. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje. Majimbo ya Lualaba, Haut-Katanga na Kinshasa ndiyo hasa yaliyokuwa yakipokea fedha zake za kupambana na ukimwi katika nchi yetu. Fedha ya namna hiyo inapotikiswa, wa kwanza kuona si waziri. Ni mama aliyeketi kwenye benchi akingoja kuitwa.

Na kuchelewa huko kunagharimu maisha. Watoto waliozaliwa na virusi wasipopata dawa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi katika miezi ya kwanza kabisa. Kwa mtoto wa namna hiyo, kila juma la karatasi iliyopotea ni juma la dawa ambayo hakupewa.

Mtaa mzima unaongoja

Kuna kungoja kwingine hapa kwetu, ambako hakuna hata karatasi.

Mnamo 2014 ilijulikana kwamba chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo kuna kobalti. Watu walichimba uani, wakachimba ndani ya vyumba, na mtaa wa kuishi ukawa mgodi. Baadaye, mwaka 2017, sehemu yake ilizungushiwa ukuta na familia nyingi zikahamishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mkojo wa wakazi 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32, wakawalinganisha na watu wa mtaa mwingine wa jirani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwa watoto hao zilionekana pia dalili za uharibifu katika chembe za urithi. Mwaka 2020 utafiti mwingine, uliofanywa Lubumbashi, ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema.

Tuangalie vizuri maneno haya yanasema nini na hayasemi nini. Hayasemi kwamba mtoto fulani ataugua. Yanasema kuna hatari, na kwamba hatari hiyo inaingia kwa vumbi wanalovuta na wanalolila pamoja na chakula. Lakini mzazi wa Kasulo haulizi juu ya hatari ya watu 72. Anauliza juu ya mmoja, yule anayelala mgongoni pake. Kwa swali hilo kituo cha afya cha mtaa hakina kipimo cha kumpa. Anangoja jibu ambalo hakuna aliyemwahidi, na tena habari zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza katika majarida ya wataalamu. Dunia inajua jambo juu ya mwili wa mtoto wake kabla yeye mwenyewe hajaambiwa kwa lugha anayoielewa.

Kuhani aliyerudi siku ya saba

Mara nyingi tunahubiri juu ya subira kana kwamba Biblia inamwambia anayengoja akae kimya tu. Tusome tena Mambo ya Walawi sura ya 13. Ni sura ambayo wengi wetu tunairuka kwa sababu inazungumza juu ya madoa, vipele na upele. Lakini ni sura ya mtu anayengoja majibu ya ugonjwa.

Mtu ana doa kwenye ngozi. Kuhani anamtazama, na bado haijulikani. Sheria haimruhusu kuhani kubahatisha. Inasema mtu huyo awekwe kando siku saba, na siku ya saba kuhani amtazame tena. Ikiwa bado haijulikani, siku saba nyingine, na kuhani amtazame tena. Ndipo atangaze neno lililo wazi.

Tunaona mambo matatu. La kwanza, kungoja kule kuna tarehe. Mgonjwa anajua siku. La pili, kuna mtu mmoja ambaye jukumu ni lake, na anajulikana. La tatu, mtumishi wa Mungu ndiye anayetakiwa kutazama tena. Na katika sura ya 14, aliyepona akiwa bado nje, kuhani anatoka nje ya kambi kwenda kumwona.

Mungu hakuliondoa fumbo la ugonjwa siku ile. Alimpa mtu anayengoja tarehe na mtu wa kurudi kwake. Mama wa paruasi yetu hakuwa na kimoja wala kingine. Aliambiwa "utaitwa", na sisi tukaliita hilo subira.

Hapa pia tuseme wazi juu ya wale wanaojiita manabii, ambao katika miji yetu ya madini hawapungui. Wanamwambia mgonjwa asingoje majibu, wameona katika roho kwamba amepona, aache dawa. Bwana wetu alipomgusa mwenye ukoma na kumtakasa, katika Luka sura ya 5, alimwagiza aende kujionyesha kwa kuhani. Yeye aliyekuwa na uwezo wote hakudharau kipimo. Mponyaji anayeogopa maabara hajifunzi kwa Yesu.

Mashariki mlituonyesha

Ninyi wa Beni, Butembo na Mambasa mnajua kungoja kuliko sisi. Ebola ilipotangazwa kwenu tarehe 1 Agosti 2018, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mnakumbuka mtu mwenye homa akingoja nyuma ya uzio ajue kama ni Ebola au malaria. Mnakumbuka pia aliyeambiwa hana, kisha akaombwa kungoja apimwe mara ya pili, kwa sababu kipimo cha siku za mwanzo hakitoshi kuamini.

Lakini katika dhiki ile yalifanyika mambo mawili. Maabara ililetwa karibu na wagonjwa, na jibu likaweza kupatikana kwa saa badala ya majuma. Tena vilijengwa vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha, ili ndugu waweze kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Watu walikuwa wamekimbia vituo kwa sababu ndugu yao aliingia na hawakumwona tena. Walipoweza kumwona, hofu ilipungua kwa wengi. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba katika Kongo haiwezekani. Iliwezekana Beni, tena kati ya risasi. Iliwezekana kwa sababu dunia nzima iliogopa ugonjwa ule. Kuchelewa kwa karatasi ya mtoto wa Kolwezi hakumwogopeshi mtu wa mbali, ndiyo maana lazima kumsumbue mtu wa karibu.

Tufanye nini

Kwanza, tumfundishe kila mshirika kuuliza swali kabla hajatoka maabara: jibu litatoka tarehe gani, na nimwone nani? Swali hili si ukosefu wa heshima. Ni swali la Walawi 13.

Pili, kila paruasi ichague watu wawili au watatu wanaoaminika, kwa mfano kutoka kamati ya wamama na mashemasi, wa kumsindikiza anayengoja. Kazi yao ni kurudi naye siku ya tarehe, na kama jibu halipo, kuuliza kwa upole na kurudi tena. Wasiulize jibu lenyewe. Wakiambiwa, wafunge midomo.

Tatu, tuache kutangaza magonjwa ya watu madhabahuni kwa jina la maombi. Wengine hawaendi kupimwa kwa sababu wanaogopa kanisa kuliko ugonjwa.

Nne, tuseme juu ya fedha. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa sekta, uchifu au mji ambako machimbo yapo. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka Lualaba. Washirika wetu wapo katika kamati zinazoamua fedha hizi zijenge nini. Mara nyingi linachaguliwa jengo lenye bango. Tuwaombe wachague pia mashine ya kupimia, umeme wa jua wa kuiendesha, na pikipiki ya kubeba sampuli. Na kwa mitaa iliyo kando ya machimbo, waombe upimaji wa vumbi na maji ambao matokeo yake yatabandikwa ukutani kwa Kiswahili.

Yairo alipomwita Yesu kwa ajili ya binti yake, alilazimika kusimama njiani huku Bwana akimsikiliza mwanamke mwingine. Katika kungoja kule zikaja habari mbaya. Marko anatuambia kwamba Yesu alizisikia, akamwambia asiogope, kisha akaenda naye mpaka nyumbani. Tunaona kwamba hakumwacha Yairo atembee sehemu ile ya njia peke yake.

Yule mama wa paruasi yetu sasa ni mmoja wa wasindikizaji. Juma lililopita alikwenda na msichana mmoja kuuliza jibu la makohozi. Halikuwa tayari. Muuguzi aliandika tarehe juu ya kipande cha karatasi: Alhamisi. Wamekubaliana kurudi wote wawili.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi.