Siki, limau na majivu: usafi wa asili unafaa wapi, na unaishia wapi?

Mama, kama una simu yenye WhatsApp, huenda umeshatumiwa ujumbe wa aina hii: achana na sabuni za kemikali, changanya siki, limau na magadi soda, nyumba itang'aa na vijidudu vyote vitakufa. Ujumbe huu unazunguka sana siku hizi kwenye magrupu ya akina mama. Nusu yake ni kweli na unaweza kukuokolea pesa. Nusu nyingine inaweza kumgharimu mtoto afya yake, hasa kipindi cha kipindupindu.

Katika makala hii tunatenganisha nusu hizo mbili, ili ujue kipi utumie, wapi, na wakati gani uache limau jikoni ukachukue klorini.

Kwa nini ujumbe huu umeenea sasa?

Sababu ya kwanza ni hofu ya kemikali, na hofu hiyo ina msingi. Wakati wa UVIKO-19 watu duniani kote walitumia dawa za kuua vijidudu kuliko walivyozoea. Nchini Marekani, kati ya Januari na Machi 2020, vituo vya ushauri wa sumu vilipokea taarifa 45,550 za watu waliodhurika au kuguswa na bidhaa za usafi na dawa za kuua vijidudu. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 20 kulinganisha na miezi hiyo hiyo ya 2019. Watu walikuwa wanaosha matunda kwa klorini na kujipulizia dawa za sakafuni mwilini. Waliponusurika na hofu ya virusi, wengi walianza kuogopa dawa zenyewe.

Sababu ya pili iko mitaani kwetu. Sabuni za maji, dawa za choo na klorini zinauzwa kwa kupimwa, na mteja huja na chupa yake ya maji ya kunywa au ya soda. Haina lebo, haina kipimo cha nguvu, na mtoto anaifahamu kama chupa ya kinywaji. Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini sheria haiingii jikoni kwako kuangalia chupa iliyo chini ya meza. Mama anayesema "mimi hizi dawa siziamini" ana haki ya kuuliza.

Sababu ya tatu ni bei. Familia ikibanwa, mama anatafuta kitu alicho nacho tayari. Cha kushangaza ni kwamba "asili" nayo sasa imekuwa biashara: utakuta siki imewekwa kwenye chupa nzuri yenye picha ya jani, inauzwa kwa bei kubwa kuliko siki ile ile ya kachumbari dukani. Huna haja nayo.

Kusafisha na kuua vijidudu ni kazi mbili

Hapa ndipo ujumbe ule unapochanganya mambo. Kusafisha ni kuondoa uchafu, mafuta na sehemu kubwa ya vijidudu kutoka kwenye sakafu, chombo au mkono. Kuua vijidudu ni hatua nyingine, inayofuata baada ya kusafisha, na haihitajiki kila siku wala kila mahali.

Kwa siku za kawaida, nyumba yenye watu wazima na watoto wenye afya inahitaji kusafishwa tu. Na kifaa bora cha kusafisha ni kile ambacho ujumbe ule umekikataa: sabuni. Sabuni ya mche uliyoizoea hutengenezwa kwa mafuta, mara nyingi ya mawese au nazi. Hushika grisi na uchafu, maji yanapopita vinaondoka pamoja na vijidudu vilivyonata humo. Sabuni ya kipande, maji safi, dodoki na jua vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi za nyumbani. Hakuna sababu ya mama kuona aibu kwamba hana dawa yenye harufu kali. Harufu si usafi.

Kila kitu na kazi yake

*Siki na limau.* Vyote vina asidi. Vinafaa sana pale penye ukoko mweupe unaoachwa na maji ya chumvi ya kisima: ndani ya birika, kwenye bomba, kwenye vigae vya bafuni. Weka siki kidogo na maji kwenye birika, chemsha, acha ipoe, kisha sugua na suuza vizuri. Limau huondoa harufu ya samaki kwenye kibao cha kukatia, baada ya kibao kuoshwa kwa sabuni. Usitumie asidi kwenye marumaru halisi au sakafu ya saruji, inakula.

*Magadi soda.* Hapa ninasema ile nyeupe laini ya dukani inayowekwa kwenye maandazi au maharage. Ni nzuri kwa kusugua sufuria, sinki na madoa ya chai, na kwa kupunguza harufu kwenye ndoo ya taka. Haiui vijidudu vya kutosha. Usiichanganye na kostiki soda ya kutengenezea sabuni: hiyo huchoma ngozi, macho na koo, na haipaswi kuwa karibu na mtoto hata kidogo.

*Siki na magadi soda kwa pamoja.* Povu lake linavutia kwenye video. Kwa kweli viwili hivyo vinauana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi. Tumia kimoja kwa wakati mmoja, utapata faida zaidi.

*Majivu.* Bibi zetu walisugulia sufuria kwa majivu na walikuwa sahihi: yanakata mafuta na yanakwaruza masizi. Tumia majivu ya kuni au mkaa pekee. Majivu ya taka, plastiki au mbao zilizopakwa rangi yana sumu. Suuza sana, na usitumie kwenye vyombo vya mtoto mchanga.

*Maji ya moto na jua.* Hivi viwili ndivyo vya asili vinavyoua vijidudu vizuri zaidi nyumbani, hasa maji yanayochemka. Vikombe, vijiko na vifaa vya kunyweshea mtoto vioshwe kwa sabuni kisha vichemshwe. Matambara ya jikoni na ya kudekia yafuliwe na kuanikwa juani yakauke kabisa. Tambara bichi lililokunjwa pembeni ya sinki linabeba vijidudu vingi na kuvisambaza nyumba nzima.

Pale ambapo siki haitoshi: kipindupindu

Kati ya mwaka 2015 na 2018 Tanzania ilipata mlipuko mrefu wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam, na zaidi ya watu 33,000 waliugua. Kuanzia mwishoni mwa 2023 ugonjwa ulirudi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Majirani zetu Zambia, kuanzia Oktoba 2023, walipata zaidi ya wagonjwa 20,000 na zaidi ya watu 700 wakafariki.

Katika kipindi kama hicho, ujumbe wa "limau linaua kila kitu" unakuwa hatari. Sababu yake inaeleweka, maana kimelea cha kipindupindu hakipendi uchachu. Utafiti uliofanywa Guinea-Bissau miaka ya 1990 ulionyesha kuwa waliotia ndimu kwenye chakula chao waliugua kidogo kuliko wengine. Kwa hiyo ndimu kwenye mboga, endelea nayo. Lakini mchuzi wenye ndimu si sawa na sakafu iliyotapikiwa. Matapishi na kinyesi cha mgonjwa vina vimelea wengi mno, na asidi ya siki au limau inadhoofishwa mara inapokutana na uchafu huo. Hapo tumia klorini.

Mgonjwa akitapika au kuharisha nyumbani:

- Mpe maji yenye chumvi mchanganyiko (ORS) mara moja na mpeleke kituo cha afya. Usafi unafuata, hautangulii.
- Vaa glavu, au mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi. Ondoa uchafu kwa tambara na umwage chooni.
- Andaa maji ya klorini ya asilimia 0.5. Soma lebo ya jiki yako. Ikiwa ina nguvu ya asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha jiki na vikombe 6 vya maji. Ikiwa ni asilimia 5, kikombe 1 kwa vikombe 9.
- Mwagia mahali palipochafuka, acha dakika 10, kisha safisha.
- Nguo na mashuka yachemshwe kwenye maji yanayotokota kwa dakika 5, yafuliwe, yaanikwe juani. Usifue mtoni wala kisimani.
- Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Mchanganyiko huo ni wa sakafu na vyombo vya mgonjwa. Haunywewi, haumwogeshi mtoto. Tengeneza mpya kila siku, maana nguvu yake hupungua, na andaa mahali penye hewa. Klorini uliyopimiwa bila lebo huwezi kujua nguvu yake, hivyo wakati wa mlipuko nunua iliyo kwenye chupa yake.

Michanganyiko ambayo hutakiwi kuijaribu

Mama wengi hawachagui upande mmoja. Wanachukua jiki waliyo nayo na kuongeza limau au siki ya kwenye video, kwa kudhani viwili vikali vinazidi kimoja. Matokeo yake ni gesi ya klorini. Inachoma macho, koo na mapafu, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kumlaza mtu hospitali, hasa mtoto au mwenye pumu.

- Jiki na siki, limau au ndimu: usichanganye.
- Jiki na dawa ya choo yenye asidi: usichanganye.
- Jiki na mkojo: hutoa gesi nyingine kali. Kwa hiyo poti ya mtoto na nepi zenye mkojo zisuuzwe kwanza kwa maji mengi kabla ya kutiwa jiki.

Ukihisi macho yanawasha na kifua kinabana, toka nje na watoto, acha milango wazi. Ikiwa kikohozi au kubanwa kifua kunaendelea, nenda kituo cha afya.

Nguo za mtoto mchanga: hapa asili inashinda

Kuna kemikali moja ambayo ningependa iondoke kabisa kwenye nyumba yenye kichanga: naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo na mende kabatini. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo si ngeni katika maeneo yenye malaria nyingi kama kwetu. Kwao, nguo au blanketi lililokaa na naftalini linaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano kali inayoweza kudhuru ubongo. Mama hawezi kujua kwa kumwangalia mtoto.

Nguo za mtoto zifuliwe kwa sabuni ya kawaida, zianikwe juani, zikunjwe zikiwa kavu kabisa na kuwekwa kwenye sanduku au mfuko unaofungwa. Nguo za kurithi kwa dada au jirani zifuliwe upya kabla mtoto hajavaa. Kichanga mwenye macho au ngozi ya manjano apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mtoto akinywa dawa ya usafi

Iwe jiki, sabuni ya maji au kostiki, fanya hivi:

- Usimtapishe. Kilichochoma koo kikishuka kitachoma tena kikipanda.
- Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta. Mazoea haya yanaweza kusababisha kutapika au kupaliwa.
- Msuuze mdomo kwa maji, mvue nguo zilizolowa. Ikiwa imeingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15.
- Mpeleke kituo cha afya haraka, na uende na chupa yenyewe. Mhudumu akiijua dawa, anajua la kufanya.

Mama ufanye nini wiki hii?

Anza na chupa. Angalia chini ya meza, nyuma ya mlango na chooni. Kilichomo kwenye chupa ya maji au soda, kihamishie kwenye chombo kisichofanana na cha kinywaji, kiandike jina na kiweke juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti. Mwambie na dada wa kazi, na bibi anayebaki na watoto, maana ndio wanaoshika chupa hizo mchana.

Kisha punguza. Sabuni ya mche, magadi soda, siki ya kawaida, dodoki na jua vitafanya kazi zako za kila siku kwa gharama ndogo. Jiki chupa moja yenye lebo, iwekwe kwa ajili ya ugonjwa na choo, peke yake, bila limau.

Na ule ujumbe ukirudi tena kwenye grupu, usiufute kimya kimya. Waandikie wenzako sehemu mbili tu: siki haichanganywi na jiki, na kipindupindu hakisafishwi kwa limau. Kwa swali lolote la afya, muulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako, au piga bure namba 199 ya Wizara ya Afya.