Hela Yako Haikuchukuliwa na Chuma Ulete

Katoro, mkoani Geita, ni mji wa hela taslimu. Mchimbaji ameuza dhahabu yake, anatoka Rwamgasa au Nyarugusu na kushuka stendi akiwa na bunda mfukoni. Mfanyabiashara wa mchele katoka Kahama, wa nguo katoka Mwanza, na kwa kuwa noti yetu kubwa kuliko zote ni ya 10,000, milioni moja tu ni noti 100. Bunda hilo halifichiki kirahisi, si kwenye soksi wala kwenye pindo la kanga. Mahali penye fedha nyingi zinazoonekana kwa macho namna hii, wezi lazima wawepo, na hilo halinishangazi. Kinachoniuma ni kwamba jioni hela ikipungua, watu wengi hawamtafuti mwizi. Wanasema ni chuma ulete.

Tunaijua sote imani yenyewe. Mtu anakuja dukani na noti iliyofanyiwa dawa, ananunua kitu kidogo, anaondoka, na noti zilizobaki kwenye droo zinamfuata kimyakimya. Au safarini: jirani kwenye siti anakusalimia kwa kukushika mkono, anashukia Buseresere, na wewe ukifika unakuta mkoba mwepesi. Nimeyasikia haya kwa wauza mitumba, kwa mawakala wa fedha za simu, kwa makonda, hata kwa watu waliomaliza chuo. Dawa yake nayo inajulikana: hirizi kwenye mkoba, chumvi ya mawe na kipande cha mkaa chini ya droo, na safari ya kwa mganga ambayo hailipiwi kwa maneno. Nasema wazi kwamba imani hii ni ya uongo, tena ni hatari, na anayefaidika nayo kuliko wote ni mwizi mwenyewe.

Tazama jinsi mwizi wa kweli anavyofanya. Anakuja na bunda anasema ni laki mbili, yaani noti 20 za elfu kumi. Ndani yake noti tatu zimekunjwa katikati na kupachikwa baina ya nyingine. Mama muuza vitenge anahesabu kama tunavyohesabu wote, anashika bunda upande mmoja na kufunua ncha kwa kidole gumba. Kila noti iliyokunjwa inampa ncha mbili. Noti 14 zilizonyooka na tatu zilizokunjwa zinampa hesabu ya 20, ilhali alizoshika ni 17. Anatupia bunda kwenye droo, anahudumia wateja wengine, anachomoa noti za chenji, mikunjo inanyooka. Saa kumi na mbili jioni pamepungua 30,000 na hakuna mtu aliyegusa droo. Nani hataamini kwamba zimepaa?

Au huyu mwingine, mwenye adabu zake. "Shikamoo mama, naomba soda." Anatoa elfu kumi, anarudishiwa elfu tisa. "Aa, kumbe elfu moja ninayo, mama yangu, nirudishie tu kumi yangu." Huku anauliza bei ya doti ile ya juu, huku anamsifia mtoto aliyebebwa mgongoni. Mama anamrudishia kumi, anapokea ile elfu moja, na chenji ya elfu tisa imebaki kiganjani mwa kijana. Hapo hakuna dawa yoyote. Ni mazoezi, na mazoezi hayo anayafanya kila siku, ilhali mama anakutana nayo mara moja.

Safarini ni vilevile. Stendi wapiga debe wanakuvuta, mmoja ameshika begi, mwingine ameshika bega, mlango wa Hiace umeziba watu wanaojifanya wanapanda na hawapandi. Msukumano huo una kazi. Wembe unapita chini ya begi, vidole viwili vinaingia mfuko wa nyuma, na simu inapokewa na mtu wa tatu kabla hujageuka. Kwenye michomoko, yale magari madogo ya abiria, mnabanwa wanne siti ya nyuma, mfuko wako uko chini ya paja la jirani kuanzia Geita mpaka unashuka. Yule aliyekusalimia kwa kukushika mkono huenda kweli alihusika. Ila dawa yake ni mwenzake aliyesimama nyuma yako.

Najua nitakachojibiwa: "Mimi nilihesabu mwenyewe, nikafunga, asubuhi nikakuta pungufu." Sawa. Ufunguo wa pili anao nani? Jana ulitoa elfu tano ya mchango wa msiba, elfu mbili ya chai, nauli ya mtoto, uliandika wapi? Maduka mengi hapa mtaji wa biashara na hela ya mboga vinakaa droo moja bila daftari. Na hapa ndipo ninapoielewa imani hii, hata kama naipinga. Ni rahisi mno kusema chuma ulete kuliko kumuuliza mtoto wa kaka yako, uliyemleta mwenyewe kutoka kijijini akusaidie dukani, kwa nini mauzo hayalingani na mzigo. Uchawi unanusuru undugu. Undugu ni kitu kikubwa, sidharau. Lakini hatia uliyomwondolea ndugu haipotei, unamtwika mtu mwingine.

Na kanda hii inajua anayetwikwa ni nani. Shinyanga imezika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyogeuka mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi jikoni. Miaka ya 2000 ikielekea mwisho, watu wenye ualbino waliuawa Kanda ya Ziwa kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri, na machimbo ya dhahabu yakatajwa, hadi Januari 2009 serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Ramli chonganishi haikuisha. Anayekwenda kwa mganga kuuliza nani kanichukulia hela anakwenda kutafuta jina, na mganga anayelipwa hawezi kumrudisha mikono mitupu. Ndiyo maana sikubali kuambiwa chuma ulete ni maneno tu ya sokoni. Bibi anayekataliwa noti yake ya elfu mbili gengeni kwa sababu watu wanamnong'ona ameshaanza kuhukumiwa.

Kinga ipo, na haina gharama ya kuku mweusi. Pokea noti uzitandaze mezani moja moja, mteja akiona, hata akikasirika. Usirudishe chenji kabla ya kumaliza hesabu ya kwanza. Andika kila unachotoa, hata elfu moja ya maji. Kabla ya kupanda gari, peleka hela kwa wakala uiweke kwenye simu yako. Makato yanauma, na yaliwauma watu zaidi tozo zilipoingia mwaka 2021, lakini yanauma kidogo kuliko kupoteza mtaji. Namba ya siri usimtajie hata wakala. Simu nayo piga *#06#, uandike zile tarakimu 15 nyumbani, kwa sababu ikichomolewa hizo ndizo polisi na mtandao watakazokuuliza, nawe uende ukachukue RB ya polisi badala ya kwenda kupigiwa ramli.

Kuna jambo moja ambalo mtu mmoja hawezi kulifanya peke yake. Siku za mnada vipaza sauti vinalia kutwa nzima Katoro, vikiuza dawa za mvuto wa biashara, za kufunga duka, za kulinda mkoba. Uongozi wa soko ndio unaowapa nafasi wauzaji hao, na kuna redio zinazowapa saa nzima hewani. Nataka vipaza sauti hivyo vitumike kumweleza mgeni aliyeshuka sasa hivi jinsi noti tatu zinavyokunjwa, na nani anasimama mlangoni mwa Hiace bila nia ya kusafiri. Wafanyabiashara wanaolipa ushuru wana haki ya kulidai hilo, na mkutano ujao wa soko ndipo mahali pa kuanzia.